Msalaba wa plasta na mjomba ambaye hatukumuuliza

"Hawa hawakufukuzwa, dada. Waliondoka tu."

Ndo alivyonijibu yule kaka aliyekuwa anatutembeza, kijana wa Moshi, tumesimama chini ya paa kubwa lililojengwa kufunika magofu, nje jua linachoma mpaka mawe yanang'aa. Nlikuwa nimemuuliza swali ambalo kichwani mwangu lilikuwa na jibu tayari: nani aliwafukuza? Manake mbele yangu ni kanisa, yaani kilichobaki cha kanisa, kuta fupi za mawe, unaona kabisa hapa watu walisimama kusali na huku vilikuwa vyumba vyao, na hapa tulipo ni kisiwa cha Sir Bani Yas, Abu Dhabi, katikati ya Ghuba. Watawa wa Kikristo wakae huku kisha wasiwepo, lazima kuna mtu aliwatoa.

Waliondoka tu.

Nimerudi mjini, nimerudi kazini, mashuka ya hoteli nafua na kupiga pasi kama kawaida, na hilo "tu" limekataa kunitoka. Wiki ya sita sasa. Usiku nikipanda kitanda changu cha juu, wenzangu wote wameshalala, naanza kulitafuna upya.

Ndo maana naandika.

## Siku ya ofu

Ilikuwa safari ya siku moja, kazini kwetu ndo waliipanga. Ni mbali, karibu kilomita 250 za barabara kutoka Abu Dhabi mjini kuelekea magharibi mpaka Jebel Dhanna, halafu unapanda boti. Wengi walienda kwa sababu ya wanyama, manake hayati Sheikh Zayed alikipiga kisiwa hiki marufuku ya uwindaji tangu miaka ya 1970, akapanda miti kwa mamilioni pale pasipoota kitu, na sa hii kuna choroa weupe wa Arabuni, swala, duma, hata twiga. Nami nilienda kwa ajili hiyo hiyo. Magofu hata sikujua kama yapo.

Nikaambiwa yaligunduliwa 1992. Sheikh Zayed mwenyewe ndiye alitaka visiwa vyake vikaguliwe na wanaakiolojia, wajue kuna nini chini ya mchanga kabla watu hawajaanza kujenga ovyo. Wakaanza kuchimba, wakakuta majengo, lakini ya nani hawakujua kwa hakika mpaka 1994 walipookota vipande vya plasta vyenye misalaba. Hapo ndo ikajulikana ni monasteri, makazi ya watawa, ya watu wa Kanisa la Mashariki, Wakristo waliokuwa wakisali kwa Kisiriaki, lugha ndugu ya ile aliyoongea Yesu. Mwaka 2010 watalii wakafunguliwa, 2019 likajengwa hilo paa. Na Januari 2025 wachimbaji wakarudi tena, safari hii kwenye nyumba zenye ua zilizo jirani na kanisa, inadhaniwa wazee wa watawa walikuwa wanajitenga humo wakae peke yao na Mungu, na humo wakakuta msalaba mwingine wa plasta, ukatangazwa Agosti.

Huo wa Agosti nimeutazama kwenye simu mara nyingi kuliko picha za ndugu zangu.

Ni mdogo. Urefu sentimita 27, upana 17, unene 2. Kitu cha kushika kwa mikono miwili kama unavyoshika sahani ya mgeni. Chini ya msalaba kuna ngazi, ndo mlima wa Golgotha huo, na kwenye kitako yanachipua majani. Msalaba wenye majani! Mimi misalaba niliyokua nayo ni ya mbao mbili kavu zimepigwa misumari, hii ya kuchipua kama mche sikuwahi kuiona popote.

## Niliyofundishwa

Lazima niseme natoka wapi, vinginevyo hutaelewa kwa nini kitu hiki kimenishika hivi.

Mimi ni wa Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Kwetu ukizaliwa Mkristo unakua ukijua historia ya dini yako inaanzia kwenu, kwa Krapf, mmisionari wa Kijerumani, kwamba alifika Mombasa 1844, akazika mke na mtoto hapo hapo, kisha 1846 akapanda vilima mpaka Rabai akiwa na mwenzake Rebmann. Kabla yake walikuwepo Wareno na misalaba yao na mizinga yao. Kwa hiyo picha niliyonayo tangu darasa la nne ni kwamba kwenye bahari hii yetu Uislamu ndo wa kwanza, ndo mwenyeji, na Ukristo ni mgeni aliyeletwa na Mzungu kwenye jahazi. Hata wenzangu Waislamu shuleni walikuwa wanatuambia hivo, nyie dini yenu ya Wazungu, na hatukuwa na la kujibu.

Sasa niko hapa, mtu mzima, naambiwa kuna watu wa bahari hii hii, wala si Wazungu, Waarabu wa hapa na Waajemi na majirani zao, walikuwa wanaimba zaburi kwenye kisiwa cha Ghuba zaidi ya miaka 1,100 kabla Krapf hajazaa wazo la kupanda jahazi. Walikuwa na maaskofu. Eneo lote la Qatar na pwani yake liliitwa Beth Qatraye, Oman ikiitwa Mazun, zote zimo kwenye barua za kanisa. Kule Kharg upande wa Iran kuna monasteri nyingine, Failaka huko Kuwait kuna kanisa, Jubail Saudia kuna kanisa, Bahrain wamechimba kwenye kilima katikati ya makaburi ya Samahij wakakuta jengo la Wakristo chini ya msikiti uliobomoka. Na hapa hapa Imarati, kisiwa cha Siniyah kule Umm al-Quwain, mwaka 2022 ikatangazwa monasteri ya pili, ina tanuri la mikate, ina chumba cha kulia, ina mahodhi ya maji, na jirani yake mji wa wazamia lulu.

Mtu akikupa habari kama hiyo ukubwani unajisikiaje? Mimi nilijisikia kama nimepewa cheti cha kuzaliwa.

Na papo hapo nikakasirika. Kama walikuwepo, mbona hawapo? Na jibu likaja lenyewe bila kuitwa, Waislamu waliwamaliza. Sijivunii kulisema lakini ndivyo lilivyokuja, tena nikiwa nakaa chumba kimoja na wasichana wawili Waislamu tunaogawana chumvi.

## Vigae vikabadilisha hesabu

Wachimbaji wa kwanza walidhani Sir Bani Yas ni ya kama mwaka 600, kabla ya Uislamu. Hesabu hiyo inakubaliana na hasira yangu vizuri sana, watawa wapo, Uislamu unakuja, watawa hawapo. Imefungwa.

Halafu nikasoma kwamba kuna mtaalamu wa vyungu, Robert Carter, alivitazama upya vigae. Kigae ni kitu cha ajabu, mtungi wenyewe hudumu miezi ukavunjika, lakini mtindo wa mtungi una miaka yake, kama kanga, mama yangu akiona kanga anakwambia hii ilitoka mwaka gani. Carter akavisoma vile vigae, na mwaka 2008 akatoa jibu lake: vitu hivi ni vya mwisho wa karne ya 7 mpaka katikati ya karne ya 8.

Hesabu mwenyewe. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki 632. Katikati ya karne ya 8 ni zaidi ya miaka mia moja baadaye. Yaani kile kipindi watu walikuwa wanaishi pale Sir Bani Yas, wanapaka plasta, wanachonga misalaba yenye majani, Uislamu ushaingia zamani, pwani ile ya mbele yao inasali swala tano, na wao bado wako kisiwani kwao na kengele yao au chochote walichoitiana nacho.

Walikuwa majirani.

Na hakuna dalili ya vita. Hakuna majivu ya moto, hakuna kuta zilizovunjwa kwa nguvu, jengo lilizeeka likadondoka lenyewe baada ya watu kuondoka, plasta ikabanduka ikaangukia chini. Siniyah ni hivo hivo, vipimo vyake vya kaboni vimetoa kati ya 534 na 656, na huko nako watu waliondoka kwa amani.

Kuna jambo lingine dogo ambalo lilinifanya niweke simu chini kidogo. Ile mitungi ya Ghuba yenye rangi ya bahari, buluu ya kijani iliyong'arishwa, vigae vyake vimeokotwa pia Shanga kule kisiwa cha Pate, na Unguja Ukuu. Na Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta msikiti mwingine chini yake, na mwingine, mpaka chini kabisa kamsikiti kadogo ka miti, ka karne ya 8. Yaani karne ile ile! Huku watawa wanaelekea kumaliza safari yao, kule kwetu watu wachache wanasimika miti ya msikiti wao wa kwanza, na bahari katikati inabeba mitungi ya aina moja kuwapelekea wote. Hakuna aliyejua habari za mwingine. Au pengine nahodha mmoja alijua.

Basi hasira yangu ikakosa mtu wa kumshika.

## Barua ya patriaki

Ukitafuta mkosaji utampata, na mimi nikaendelea kutafuta, safari hii kwenye maandishi. Nikafika kwa Isho'yahb wa Tatu.

Alikuwa mkuu wa Kanisa lote la Mashariki, patriaki, tangu 649 mpaka 659, makao yake Iraq. Barua zake nyingi zipo mpaka leo, na kwenye barua mojawapo, aliyomwandikia askofu mkuu wa Fars, kusini mwa Iran ya leo, analia juu ya Wakristo wa Mazun, watu wa Oman, walioacha imani. Na anasema kabisa kwamba Waarabu waliopewa utawala wakati huo si maadui, wanaheshimu makasisi, wanasaidia makanisa na monasteri. Hakuna upanga. Hakuna mateso. Kwa maelezo yake, waliambiwa wakitaka kubaki na dini yao watoe nusu ya mali, nao wakaona afadhali dini iende mali ibaki.

Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma tena.

Walinunuliwa, ndo anachosema patriaki. Mateso hawakupata, walinunuliwa.

Na hapo ndo nilipojua kwa nini "waliondoka tu" ilikuwa imenikaa kooni wiki zote hizo, manake hilo neno la kununuliwa mimi nimelisikia. Nimelisikia kwetu, jikoni, kwa sauti ya chini, tangu sijui kuandika jina langu.

## Mjomba

Mama yangu ana kaka mmoja ambaye alisilimu. Ni fundi wa plasta. Alishuka Mombasa ujana wake kutafuta kazi, na mwaka 1987 habari zikapanda Rabai kwamba ameslimu na amebadilisha jina. Babu yangu alikuwa msoma masomo kanisani, mtu wa kuvaa tai Jumapili hata kama mvua inanyesha. Akasema maneno mawili, "amenunuliwa yule," na mlango ukafungwa. Mjomba hakuwahi kulala tena kwenye ile nyumba. Babu akafariki, mjomba akaja mazikoni, akasimama kule kwenye mwembe, udongo ulipomalizika akaondoka.

Sisi wajukuu tuliikuta habari imeshaiva. Hakuna aliyeichunguza. Nani alimnunua, kwa shilingi ngapi, alinunua nini na hizo pesa, hakuna, na mjomba mwenyewe ukimtazama anakaa chumba cha kupanga Kisauni na baiskeli. Lakini ndo hadithi tuliyopewa, na mwenye kuitoa ni babu, na babu hakuwa mwongo.

Na patriaki naye hakuwa mwongo. Ila alikuwa mbali, alikuwa Iraq, na tena wakati ule yuko kwenye ugomvi mkali na maaskofu wa Fars na wa Ghuba ambao hawakutaka kumtii, barua nzima anawalaumu wamelala huku kondoo wanatawanyika. Ni mtu aliyeachwa ndo anaandika. Wale wa Mazun waliosilimu hawakutuachia barua hata moja. Wale watawa wa Sir Bani Yas hawakutuachia barua. Tunachojua juu ya kuondoka kwao tumeambiwa na mtu aliyebaki, au hatukuambiwa kitu kabisa, kuna mchanga tu.

Ukiangalia mwaka 676, karibu miaka 20 baada ya hiyo barua, patriaki mwingine, George wa Kwanza, alishuka mwenyewe mpaka Ghuba, kwenye kisiwa cha Dirin, Tarout ya sasa ya Saudia, akakaa na maaskofu wa huku kikao. Na waliongea nini? Pamoja na mengine waliongea ndoa, kwamba ndoa ya Mkristo ifungwe kwa baraka za kasisi. Hivi watu waliokwisha nunuliwa wote wangekuwa wanajadili harusi? Maisha yalikuwa yanaendelea, watoto wanaolewa, mtu kaoa nje ya kanisa, mzazi kakasirika, askofu anaandika sheria. Naliona kabisa hilo, hata sura za watu naziona.

## Aliyeacha kiti

Kuna mmoja ninayempenda kati ya hawa wote na sitapita bila kumtaja.

Isaka wa Ninawi. Mtoto wa Beth Qatraye, wa pwani hii hii ninayoiona nikitoka zamu asubuhi, karne ile ile ya 7. Huyo huyo George alimtoa huku akampa uaskofu wa Ninawi, Mosul ya leo, cheo kikubwa, na baada ya miezi mitano akaacha. Akapanda mlimani akaishi na watawa, akasoma na kuandika mpaka macho yakaingia kiza. Maandishi yake juu ya huruma ya Mungu yanasomwa mpaka sasa na Waorthodoksi, na Novemba 2024 Papa Francis akatangaza jina lake liingie kwenye orodha ya watakatifu ya Wakatoliki.

Miezi mitano.

Nimefikiri sana juu ya waumini wa Ninawi waliobaki bila askofu wiki hiyo. Wao walisemaje? Nadhani walimtafutia sababu, manake mtu hawezi kutuacha hivi hivi, sisi tuna shida gani. Na labda sababu waliyoipata ilikuwa inawahusu wao zaidi ya yeye. Hapo nilikuwa namfikiria Isaka lakini nilikuwa nimeshafika Kisauni.

## Simu

Nikampigia mjomba. Sikuwa na namba yake, nikiri, miaka tisa niko huku namba yake sina, nikaitoa kwa binamu. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, nikijua atakuwa ameshakula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Akanyamaza, kisha akaniita jina langu la utotoni ambalo hata mama ameliacha.

Sikujua nianzie wapi kwa hiyo nikaanza na msalaba. Nikamwambia mjomba wewe ni fundi, nakutumia picha kwenye wasap, niambie unaona nini. Nikamtumia. Akakata simu aitazame. Robo saa nzima kimya, nikadhani nimemkosea, Muislamu mzee nimemtumia msalaba Ijumaa.

Akapiga yeye.

"Hii imechongwa mbichi," akaniambia. "Plasta ikikauka haikubali kukatwa namna hii, inameng'enyeka. Tazama kingo za yale majani. Huyu hakuwa na haraka, na hakuwa anaigiza, mkono wake ulishafanya nyingine kabla ya hii." Akaniuliza kuta za huko ni za nini. Nikamwambia mawe na matumbawe. "Ah. Kama Mji wa Kale." Akafurahi, nikamsikia amefurahi.

Nikapata nguvu. Nikamuuliza. Mjomba, ulisilimu kwa nini?

"Unajua wewe ndo wa kwanza kuniuliza," akasema, wala hakusema kwa lawama. "Tangu 1987."

Akanieleza. Alianguka kutoka kwenye jukwaa akiwa anapiga plasta nyumba ya mzee mmoja Mji wa Kale, mguu ukavunjika juu ya goti. Yule mzee hakumrudisha chumbani kwake, akamlaza kwake, miezi mitatu, wanawake wa nyumba ile wakimpikia uji, vijana wakimbeba kwenda msalani. Rabai ilitumiwa habari au haikutumiwa, hajui, hakuna aliyeshuka. Usiku alikuwa anawasikia wanasoma. "Nikaanza kuwangojea waanze," akasema. Hakupewa shilingi. Mzee hakumwambia hata siku moja asilimu, mguu ulipopona akampa ujira wake wa siku alizofanya kazi na wa siku alizolala.

"Nilipanda Rabai kumwambia babu yako mwenyewe, kwa mdomo wangu, asisikie kwa watu. Alikuwa ameshasikia kwa watu."

Sikuweza kusema kitu. Akaendelea mwenyewe.

Akaniambia kile kikanisa chetu kule chini, kile kidogo, plasta ya ndani ni yake, alianza kabla ya kuanguka na alikuwa amebakiza ukuta wa mbele, nyuma ya meza ya Bwana. Na aliahidi kuumaliza. Basi mwaka uliofuata akaongea na mwenyekiti wa kanisa wa wakati ule, wakapanga wiki ambayo babu amekwenda msibani Kaloleni, akapanda na mwiko wake akaumaliza kwa siku mbili, ameshakuwa Muislamu, adhuhuri anaweka chini mwiko anasali nje chini ya mkorosho, anarudi ndani. Babu aliporudi akaambiwa fundi ametoka Mazeras.

Huo ukuta nimeutazama kila Jumapili ya utoto wangu. Hauna ufa mpaka leo. Babu alikuwa anawaonyesha wageni.

Nikaanza kulia na yeye akaniacha nilie, hakunikatiza, nikasikia tu anavuta kiti. Halafu, kama mtu anayerudi kwenye kazi yake baada ya chai, akarudi kwenye picha.

"Hicho kisiwa, mto upo?"

Nikamwambia hakuna mto. Mlima wa chumvi na mawe, na bahari.

"Kisima?"

Nikamwambia sikuona. Nikamwambia kile kisiwa kingine, Siniyah, walijenga mahodhi.

"Manake plasta haitaki maji ya bahari. Ukiichanganya na maji ya chumvi inatokwa na jasho jeupe, inabanduka, na uso kama huo hauwezi kuupata. Huyo alitumia maji ya kunywa."

Kimya kidogo. Nadhani alikuwa ameikuza tena ile picha.

"Basi alingoja mvua," akasema mjomba.